Mwanamke akitembea peke yake, tumuulize alichoona njiani

Leo sitaandika juu ya umeme uliokatika wala juu ya bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya miguu ya wanawake.

Hapa kwetu mwanamke akifika mahali peke yake akitokea mbali, swali la kwanza ni hili: "Bwana yako yuko wapi?" La pili ni: "Nani alikuruhusu?" Akinyamaza, au akijibu kwa namna isiyotupendeza, jina lake tunalo tayari: ndumba. Mwanaume akifika vile vile, na vumbi lile lile miguuni, tunampa kiti na maji ya kunywa, halafu tunakaa kumsikiliza: habari za kule, njia ikoje, mvua imenyesha? Katika kazi ya redio nimeyasikia maswali haya sokoni, kwenye maegesho ya mabasi, ofisini, hata mlangoni pa kanisa. Yanaonekana madogo. Mimi naona yana uzito mkubwa, na nitaeleza kwa nini.

Kuna kitabu cha Marekani kinachoitwa "Wild", kilichotoka mwaka 2012. Aliyekiandika ni mwanamke, Cheryl Strayed. Wengi wetu tulikifahamu kwa njia ya filamu iliyotolewa mwaka 2014, ambamo Reese Witherspoon anacheza nafasi yake. Habari yenyewe ni fupi kueleza. Mama yake alikufa kwa kansa mwaka 1991, akiwa na miaka 45 tu. Binti akavunjika moyo, ndoa yake ikavunjika, akaingia katika dawa za kulevya. Mwaka 1995, akiwa na miaka 26, akabeba mzigo mgongoni na kuingia peke yake katika njia ndefu ya miguu inayopita milima ya magharibi ya Marekani, kuanzia mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada. Njia yote ina kilomita zaidi ya 4,200. Yeye alitembea karibu kilomita 1,770, tangu jangwa la Mojave huko California hadi daraja moja juu ya mto Columbia. Kwa sisi wa Likasi, hesabu ni hii: ni kama kwenda Lubumbashi kwa miguu na kurudi, zaidi ya mara saba. Kucha za vidole vya miguu zilimtoka, kiatu kimoja kikaangukia bondeni. Alifika. Na miaka mingi baadaye akaandika.

Nikiongea juu ya kitabu hiki na watu, jibu huja haraka: "Hayo ni mambo ya wazungu. Mtu ana chakula nyumbani, anaenda kujitesa porini, kisha anauza mateso yake." Wengine wanacheka. Mama mwenye kubeba makala kichwani kutoka kijijini hadi Kikula hatalipa hata franka moja kusoma juu ya mtu aliyebeba mzigo kwa kupenda.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na sitaki kulipita juu juu. Kutembea kwa kuchagua si sawa na kutembea kwa kulazimishwa. Mwenye kuchagua anaweza kusema "nimechoka, narudi." Strayed alikuwa amejitumia masanduku ya chakula kwa posta, yakimngojea kwenye vituo vya njiani. Mama wa kwetu anayetoka upande wa Mwadingusha na samaki hana sanduku linalomngoja. Anachongojewa nacho ni kamba iliyofungwa katikati ya njia, na mtu amekaa kando yake anadai "kitu kidogo" kabla ya kuishusha.

Lakini wale wanaosema "mambo ya wazungu" wanakosea mahali pawili. Kwanza, wanafikiri kwamba mwanamke kutembea njia ndefu, akipambana na uchovu na hofu yake mwenyewe, ni jambo geni kwetu. Pili, wanafikiri kwamba safari za mama zetu, kwa sababu zilikuwa za lazima, hazifai kuwa kitabu. Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Tuanze na la kwanza. Kitabu cha mwanamke aliyetembea njia ndefu kuliko ya Strayed kipo, na nchi aliyoikanyaga ni hii yetu. Kinaitwa "Fuir ou mourir au Zaïre", yaani kukimbia au kufa katika Zaire. Kilitolewa Paris na L'Harmattan mwaka 2000, na miaka minne baadaye kikatoka kwa Kiingereza huko Marekani. Mwandishi ni Marie Béatrice Umutesi, mwanamke wa Rwanda aliyesoma sosholojia na kufanya kazi na mashirika ya wanawake wa vijijini. Mwaka 1994 alikimbilia Kivu. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita ya AFDL na jeshi la Rwanda ilipozifikia kambi za wakimbizi, yeye na maelfu ya wengine waliingia msituni wakielekea magharibi. Alipita Tingi-Tingi, ile kambi karibu na Lubutu ambayo watu walikufa kila siku kwa njaa na kwa magonjwa. Aliendelea mpaka jimbo la Équateur, upande wa Mbandaka. Safari hiyo inahesabiwa kuwa karibu kilomita 2,000. Wakimbizi waliotoka Tingi-Tingi walikwenda kukwama Ubundu, mbele ya mto Lualaba, maji yale yale yanayoanzia kwetu Katanga.

Najua kuna msomaji ambaye ameshakunja uso. "Huyu ni Mnyarwanda. Sisi wenyewe tumekufa wangapi, na leo mashariki watu wanaendelea kukimbia. Kwa nini utuletee machozi ya jirani?" Hasira hiyo naielewa. Lakini soma kitabu chenyewe kabla ya kukitupa. Ndani yake utawakuta Wakongo wa vijijini, maskini kabisa, waliogawa muhogo wao na wageni, na wengine waliowaficha watu katika nyumba zao wakijua kwamba wakigunduliwa watakufa nao. Wema huo wa watu wetu ungekuwa umesahauliwa kama mwanamke mmoja mwenye kutembea asingekaa chini na kuandika. Ni yeye aliyetuandikia ukurasa mzuri wa historia yetu, na sisi wenyewe hatukuuandika.

Tena angalia ni nini kilichomfanya asikike. Umati wa watu ulipita msitu ule. Wengi walikufa, wengine walinusurika wakanyamaza. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile ripoti ambayo sisi sote tunaiita "Mapping", iliyoorodhesha matukio 617 ya mauaji na mateso katika nchi yetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ripoti ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini ripoti inakupa tarehe, mahali na hesabu. Haikuambii namna mtu anavyovibeba viatu mkononi ili visioze kwa matope, au anavyomdanganya mtoto kwamba kijiji kiko karibu. Kwa hayo unahitaji mtu mmoja aliyetembea, mwenye jina, anayesema "mimi".

Sasa turudi Katanga kabisa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nyakati za Mwami Msiri wa Bunkeya na baada ya kuuawa kwake tarehe 20 Desemba 1891, kulikuwa na mwanamke wa Kiluba aliyeitwa Bwanikwa. Alipitishwa mkono kwa mkono kama mali, mara kumi, katika nchi hii ya kati ya Uluba, Garenganze na Luapula. Kila bwana mpya ilikuwa ni safari mpya, na safari zile zilikuwa za miguu. Mwisho alijikomboa. Habari zake tunazijua kwa sababu mmisionari Dugald Campbell alizitoa katika kitabu kidogo huko Uingereza, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akazichunguza upya katika kazi iliyotoka mwaka 1983. Mzungu aliandika kwa ajili ya wasomaji wa kanisa lake, profesa akaandika kwa ajili ya chuo kikuu. Na sisi, ambao nchi ile ni yetu na Bunkeya si mbali nasi? Uliza darasa lolote la sekondari hapa mjini kama wanajua Bwanikwa alikuwa nani. Msiri watamjua. Stairs watamjua. Bwanikwa hapana.

Linganisha na mwanamke mwingine wa wakati ule ule. Mwaka 1891, Mmarekani Mary French Sheldon alitoka Mombasa akaenda hadi Kilimanjaro, na mwaka uliofuata akatoa kitabu, "Sultan to Sultan". Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimsifu kama mwanamke aliyesafiri "peke yake" Afrika. Peke yake, na wapagazi zaidi ya mia moja! Wale waliobeba mizigo yake, na wakati mwingine kumbeba yeye mwenyewe, hawakuhesabiwa kama watu walio pamoja naye. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba "peke yake" si hesabu ya watu walioko njiani. Ni hesabu ya nani ataandika. Mwenye kalamu ndiye aliyesafiri, wengine walibeba tu.

Na mji wetu wenyewe? Ulipoitwa bado Jadotville, mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland karibu 150 wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa na majeshi ya Katanga, wakapigana siku tano, wakakosa risasi na maji, wakajisalimisha. Watu wa Ireland wamewaandikia vitabu, na mwaka 2016 filamu ilitoka na kuonwa dunia nzima. Sina wivu nao. Askari wale walistahili kukumbukwa, hasa kwa vile kwao wenyewe walidharauliwa kwa miaka mingi. Ninachouliza ni kitu kingine: wakati huo ndege inapiga na barabara zimefungwa, mama wa Jadotville walikuwa wapi? Waliteka maji wapi? Walikimbia na watoto kwenda upande gani? Walirudi siku ngapi baadaye, wakakuta nini? Mama aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule amepita sasa miaka 80. Yuko labda kwenye kiti mbele ya nyumba huko Panda, anachambua mboga, na wajukuu wanamwambia anyamaze kwa sababu wanaangalia filamu.

Nikija kwenye mwaka 1992 na 1993, naandika kwa uangalifu, maana hiki ni kidonda ambacho wenye nacho wanaishi nyumba kwa nyumba. Wazee wa Likasi hawahitaji kuelezwa. Maelfu ya majirani waliokuwa na asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa migodi na wa reli, walifukuzwa nyumbani mwao. Walijazana kwenye kituo cha treni, wakakaa huko wiki na miezi chini ya mahema na vipande vya plastiki wakingojea gari la moshi la kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengine hawajaiona hata siku moja. Ndani ya mabehewa na kando ya reli watu walikufa, watoto zaidi. Ile ripoti ya Mapping niliyoitaja inaanza na matukio hayo.

Katika kituo kile, nani alipika? Nani alitafuta maji? Nani alijifungua juu ya kitenge kilichotandikwa kwenye saruji? Nani aliondoka akiwa na watoto wanne akafika na watatu? Na kwa upande mwingine: mama gani wa Katanga aliyepeleka chakula kituoni usiku, akijificha macho ya vijana wa mtaa wake? Majibu ya maswali haya yapo. Yamo katika vichwa vya wanawake wenye miaka hamsini, sitini, sabini, huko Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, na hapa hapa Likasi kwa wale waliobaki na wale waliorudi. Hotuba za wanaume wa nyakati zile unaweza kuzikuta kwenye magazeti. Safari za wanawake hawa hazina hata daftari.

Kwa nini ni hivyo? Nafikiri mzizi uko katika lile swali la mwanzo: nani alikuruhusu?

Swali hilo halikuanza jana, wala si la desturi peke yake. Wakati wa Wabelgiji, katika miji ya Kongo, mwanamke mzima aliyeishi bila mume aliweza kutozwa kodi yake mwenyewe. Karatasi za serikali zilimwita mwanamke anayeishi peke yake "kwa nadharia", maana yake hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kweli kuishi peke yake bila kuwa ndumba. Baada ya uhuru, Code de la famille ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, iliendelea kumdai mwanamke aliyeolewa ruhusa ya mume wake kwa matendo mbalimbali ya kisheria. Ilidumu karibu miaka thelathini. Ni sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyoondoa ruhusa hiyo na kuweka mahali pake masikilizano ya wote wawili. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, haibagui: kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kuzunguka kwa uhuru.

Kwa hiyo kwenye karatasi swali limekwisha. Barabarani halijakwisha. Tumeirithi ile kodi katika vinywa vyetu, tunaendelea kuitoza kwa macho na kwa maneno. Na mtu anayelipishwa kila mara kwa kutembea tu, hawezi kujivunia safari yake. Ataificha. Mama aliyetembea siku tatu msituni wakati wa vita, akifika salama, anajua kwamba akisimulia yote mtu atauliza: "Na usiku ulilala wapi? Na nani?" Anachagua kusema "tulifika kwa neema ya Mungu", anafunga mdomo. Tumemfunga sisi, kisha tunasema wanawake wetu hawana habari za kuandika.

Nasikia pingamizi lingine, na hili ni zito. "Wewe mwandishi, unataka binti zetu watembee peke yao? Hujui kinachotokea barabarani?" Najua. Ni kazi yangu kujua, na mara nyingi ni mimi ninayesoma habari hizo kwenye redio. Simwambii binti yeyote abebe begi kesho aingie Kundelungu peke yake ili afanane na mwanamke wa kwenye filamu. Hata Strayed mwenyewe anaeleza siku alipokutana na wawindaji wawili msituni, na jinsi mmoja wao alivyomtia hofu kwa maneno na kwa macho. Katika nchi ile yenye njia zilizochorwa na vibao kila mahali, hofu yake kubwa siku ile haikuwa nyoka wala dubu. Ilikuwa mwanaume.

Basi tuliangalie jambo lenyewe mahali lilipo. Tunaposema "njia ni mbaya kwa mwanamke", njia haina kosa. Haina mikono. Kama hatari ni watu, basi dawa ni kuwashughulikia watu hao, si kumfungia mama ndani. Mama hawezi kufungiwa hata tukitaka, kwa sababu bila miguu yake hatuli. Saa kumi na moja alfajiri, kabla wengi wetu hatujaamka, wameshatoka: wa mboga, wa samaki, wa makala, wa kwenda kupanga foleni hospitalini na chakula cha mgonjwa. Wanatembea tayari, na wengi wao peke yao. Tunachoweza kuchagua ni kama watatembea kwa heshima au kwa hofu.

Ndiyo maana naleta maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni.

La kwanza ni kwa wakubwa wa mji, wa komini zetu nne na wa vijiji vya pembeni: kamba na miti inayofungwa njiani bila karatasi ya sheria iondolewe, na pale ambapo kizuizi ni cha sheria, bei iandikwe kwenye kibao ili mama asiyejua Kifaransa aisome kwa Kiswahili. Mwanamke peke yake hudaiwa zaidi kwa sababu anaonekana hana wa kumtetea. Kibao hakina aibu, kinamtetea.

La pili ni kwa walimu. Kila mwaka mnawapa watoto kazi ya kuandika habari za safari, na watoto wanaandika juu ya kwenda Lubumbashi kwa shangazi, wanajaza ukurasa na gari na soda. Mwaka huu wapeni kazi nyingine: muulize bibi yako au mama yako safari ndefu kuliko zote aliyoitembea kwa miguu. Alitoka wapi, alifika wapi, alibeba nini, alikula nini, alimwogopa nani, nani alimsaidia. Andika vile alivyosema, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Msiwasahihishe sana sarufi. Darasa moja la watoto arobaini litawapa safari arobaini, na sijui maktaba yoyote hapa mjini yenye kitu kama hicho.

La tatu ni kwetu sote wenye simu. Simu hizi tunazotumia kurekodi ugomvi wa majirani na nyimbo za harusi, zinaweza pia kumrekodi mama akisimulia. Lakini tufanye kwa adabu. Ombeni ruhusa. Kama hataki jina lake litajwe, lisitajwe. Kama anafika mahali ananyamaza, msimsukume. Kitabu cha Umutesi kilitoka miaka mitatu hivi baada ya yeye kutoka msituni, cha Strayed zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya safari yake. Habari za namna hii hazina haraka ya gazeti. Na kwa habari za mwaka 1992, rekodini pande zote, waliofukuzwa na waliobaki, maana mtu akisikiliza upande mmoja tu anatafuta kesi, hatafuti ukweli.

Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mama zetu hawakutembea bure hata siku moja, na waliokota mengi: majina ya mito, mahali pa kuvukia, vijiji vyenye watu wema, ishara za mvua, namna ya kumtuliza askari aliyelewa, namna ya kuzika haraka na kuendelea. Hayo yote ni elimu. Wanaitunza bila karatasi, na kila mazishi tunayoenda makaburini tunazika pamoja na mtu kitabu ambacho hakuna aliyekifungua.

Siwaombi mpende vitabu vya Marekani. Hata "Wild" mnaweza kuiacha. Naomba jambo dogo. Wiki hii, mwanamke akifika kwako peke yake, miguu imejaa vumbi jekundu la Katanga, mpe kiti na maji ya kunywa kama unavyompa mwanaume. Lile swali la ruhusa liache. Muulize njia ilikuwaje, ameona nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.